Sura ya Sita: Dungu la Kujengwa na Dungu la Kununuliwa

Kila mwaka, ifikapo tarehe 15 Novemba, iangukie Jumapili au katikati ya juma la kazi, msimu wa kuwinda ayala kwa bunduki hufunguliwa katika jimbo la Michigan, kaskazini ya Marekani. Na alfajiri ya siku hiyo, kabla nyota hazijafifia, mamia ya maelfu ya watu walio timamu wa akili, mahakimu na makanika, wauguzi na walimu (maana ziko shule zifungazo milango siku hiyo, kwa kujua ni wangapi watakaokosekana), hujivika nguo juu ya nguo, huingia mwituni gizani, na huko huenda wakakaa. Hawakimbizi kitu wala hawafuati nyayo. Hukaa juu ya ubao, au ndani ya sanduku la mbao, au juu ya kiti cha chuma kilichofungwa mtini kimo cha paa la nyumba, wakamngoja mnyama mwenye mkia mweupe apite karibu; na asipopita, hurejea kesho yake wakakaa tena. Sura hii ni habari ya hapo wanapokaa: jinsi panavyoundwa kwa mikono ya mwenyewe, jinsi panavyonunuliwa dukani, na lipi kati ya mawili hayo lifaalo wapi.

Umbo la kitu chenyewe si geni kwetu. Aliyelelewa penye mashamba ya mpunga amepanda dungu utotoni, teo mkononi, akaamia ndege tangu asubuhi hata magharibi. Lakini dungu la shamba hujengwa ili mlinzi aonekane na asikike, apige kelele na kurusha mawe, ndege na nyani wajue kwamba shamba lina mwenyewe. Na hili la Mmarekani hujengwa kwa kusudi lililo kinyume kabisa, yaani mtu awepo pasi na kujulikana kuwa yupo. Lililokaribia zaidi kusudi hilo katika nchi zetu ni lile jukwaa lililojengwa mwaka 1932 juu ya mugumo katika misitu ya Aberdare, karibu na Nyeri, likaitwa Treetops, ambapo wageni walikaa kimya usiku kuwatazama tembo na vifaru wakija majini. Hapo ndipo alipolala Elizabeth usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, baba yake alipofariki Uingereza naye akawa malkia bila kujua. Alikuwapo pamoja naye Jim Corbett, mzee aliyehamia Nyeri kutoka India, ambaye mwaka 1926 alimwua chui mla watu wa Rudraprayag akiwa juu ya mwembe, baada ya mikesha mingi isiyoleta kitu. Kama yuko mtu katika ulimwengu aliyestahili kuulizwa habari za madungu, basi ni yeye.

Turudi Marekani. Kumvizia ayala ni maarifa ya kale sana katika bara lile: mwaka 1591 mchapaji Theodor de Bry alitoa picha ya wenyeji wa Florida, Watimukua, wamejifunika ngozi nzima za ayala, vichwa na pembe zake, wakiwasogelea wanyama ng'ambo ya kijito. Walowezi waliofuata hawakuwa na subira hiyo. Waliwinda kwa mbwa, waliwinda usiku kwa mienge ndani ya mitumbwi, wakaua kwa ajili ya soko, hata ilipofika mwaka 1900 ayala wa nchi nzima walikadiriwa kuwa yapata nusu milioni tu. Ndipo zilipokuja sheria, ile ya Lacey mwaka huo huo wa 1900, iliyozuia biashara ya nyama iliyowindwa kinyume cha sheria kuvuka mipaka ya majimbo, na ile ya Pittman na Robertson ya mwaka 1937, ambayo kwayo ushuru wa bunduki na risasi hurudishwa kuhifadhi wanyama. Na leo ayala hao hukadiriwa kuwa milioni 30, wengi wao wakiishi katika vipande vya misitu vilivyozungukwa na nyumba na barabara. Katika mwitu wa namna hiyo, mtu mwenye bunduki akienda huku na huku ni hatari kwa jirani zake kuliko kwa mnyama. Heri akae.

Wengi hudhani kwamba dungu ni la kumficha mtu machoni pa ayala. Dhana hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake ni mdogo. Macho ya ayala yamewekwa pembeni mwa kichwa, hata huona karibu pande zote bila ya kugeuka, na hushika upesi kila kitu kinachotikisika. Lakini hayatambui wekundu kama yetu, na kwa sababu hiyo fulana ya rangi ya chungwa kali, ambayo majimbo mengi yamemlazimisha mwenye bunduki kuivaa ili wenzake wasimpige risasi, kwake yeye ni rangi hafifu isiyo na maana. Ajabu ni kwamba buluu huiona vizuri, na hata ile miale iliyo ng'ambo ya zambarau, tusiyoiona sisi, yeye huipata. Basi mtu aliyenunua nguo za mabaka kwa fedha nyingi, kisha akazifua kwa sabuni ya kung'arisha, huenda akawa anametameta mbele ya mnyama bila habari. Hata hivyo, lau mtu huyo angekaa kimya asijikune, asigeuze shingo, asitafute kitambaa mfukoni, aghalabu ayala angempita. Na hicho ndicho mwanadamu asichokiweza. Baridi humtetemesha, mguu humfa ganzi, simu humwita, na baada ya saa moja ya kungoja bure nafsi humwambia kwamba bila shaka wanyama wako upande wa pili wa kilima. Hapo ndipo faida kubwa ya dungu: humfunga mwindaji mahali pamoja, likampa pa kuegemea, pa kuweka chupa ya kahawa na pa kujikunia, mnyama asione. Kila ubao na kila mkanda tutakaoutaja hapa chini tuupime kwa swali hilo, kama unamtuliza aliye ndani au unamsumbua.

Kuhusu pua hakuna dungu litakaloshinda. Ayala humnusa mtu kwa mbali kuliko anavyoweza kumwona, na akishanusa haulizi mara ya pili: hupiga kwato, hupuliza pua kwa kishindo, huinua mkia ule mweupe, na wote walio karibu huondoka naye. Kwa hiyo, kabla ya kukata ubao wa kwanza au kutoa fedha dukani, mjenzi hutakiwa kujua pepo kama anavyozijua nahodha, upande upi ni joshi na upi ni demani, maana dungu lililokaa joshini mwa njia ya wanyama ni kazi bure hata likiwa la dhahabu. Na upepo unaotajwa na watabiri wa hali ya hewa si wote. Penye vilima, jua la asubuhi likishaipasha ardhi joto hewa hupanda, ikaipeleka harufu juu. Jioni ardhi ikipoa hewa hushuka kwenye mabonde, ikaiburuta harufu chini. Mwenye kuvizia asubuhi atakaa juu ya njia ya wanyama, na wa jioni chini yake, na ndiyo maana wenye maarifa huwa na madungu mawili au matatu kwa shamba moja, wakachagua kila siku kulingana na upepo, ilhali mwenye dungu moja analolipenda sana hulipanda hata siku ambayo upepo unamsaliti, kwa vile alitumia jasho lake kulijenga.

Sasa dungu la kujengwa. Lililo la kawaida kabisa katika mashamba ya Michigan na Wisconsin ni sanduku la mbao juu ya miguu minne, na vipimo vyake havikutokana na hekima yoyote ya mwitu bali na kiwanda cha mbao: plaiwudi huuzwa kwa bao la futi 4 kwa futi 8, basi sanduku huwa la futi 4 kwa 4 kwa mtu mmoja, au 4 kwa 6, au 6 kwa 6 kwa baba na mwanawe, ili pasipotee kipande. Miguu ni nguzo za inchi 4 kwa 4 zilizotiwa dawa ya mchwa na kuoza, nazo husimamishwa kwa kutanuka kuelekea chini, zikaungwa kwa mihimili ya mshazari. Maana upepo wa Novemba hulishika sanduku kama tanga, na lile lililosimama wima bila mihimili wala waya wa kulifunga ardhini huonekana masika limelala kifudifudi. Viungo vya miguu hukazwa kwa bolti na nati zilizopakwa zinki, kwani msumari peke yake ukitikiswa misimu miwili huanza kutoka. Siku hizi wako hata wanaochanganya, wakanunua vishikio vya chuma vya pembeni vinavyoipa miguu mwinamo wake, na mengine yote wakajenga wenyewe. Na sioni ubaya wa hilo.

Ustadi wa seremala huonekana ndani. Kuta na dari hupakwa rangi nyeusi, ili aliyekaa asichoreke kama kivuli mbele ya dirisha la nyuma. Sakafu hutandikwa zulia kuukuu, na kipande cha zulia hilo hupigiliwa kwenye kila kizingiti, kwa kuwa mtutu wa bunduki ukigonga ubao mtupu sauti yake huenda mbali katika hewa ya baridi. Madirisha hufunguliwa kwa ndani, kwa bawaba zilizotiwa mafuta, na kimo cha kizingiti hupimwa kwa kuketi kwenye kiti kile kile kitakachotumika, mkono ukiwa umeshika silaha; mtu akipima kwa kukisia, atalazimika ama kunyanyuka ama kuinama saa ya haja, naye atakuwa amejijengea kibanda cha kutazamia tu. Apigaye kwa uta huhitaji dirisha jembamba lililosimama, mwenye bunduki la kulala. Kiti chenyewe, mara nyingi, ni kile cha ofisini chenye kuzunguka, kilichotupwa na kampuni fulani mjini, na katika maisha yake marefu ya kutumikia makarani sidhani kama kilipata kuthaminiwa kiasi hicho. Nimeona picha za madungu yaliyoundwa kwa madirisha ya nyumba zilizobomolewa, kwa matangi ya plastiki yaliyokatwa, kwa mabati ya ghala la nafaka. Hasara kubwa ni wapangaji: nyigu hujenga pembeni mwa dari wakati wa joto, panya hutafuna mto wa kiti, na asiyefungua mlango hata siku ya kwanza ya msimu atawakuta wote nyumbani.

Katika sanduku hilo la miguu minne, basi, fundi wa nyumbani namsifu bila kusita. Lakini iko aina nyingine ya kujenga ambayo baba na babu wa wawindaji wa leo waliitumia sana, nayo ni kupigilia mbao mtini: vipande vya inchi 2 kwa 4 vikawa ngazi, na ubao mpana katikati ya matawi ukawa kiti. Hiyo naiona ni kosa la wazi. Mti ni kiumbe hai. Hunenepa ukausukuma ubao nje ya msumari, huyumba kwa upepo ukaulegeza, na maji huingia katika tundu la msumari yakaozesha ubao pale pale penye kushika, ambapo jicho halioni. Ngazi iliyobeba mtu miaka minne bila kulalamika humwangusha mwaka wa tano. Kisha mti huumeza msumari, gome likafunga juu yake, hata siku moja mwenye msumeno anapoukata, msumeno hugonga chuma. Na kwa sababu hii wanunuzi wa magogo hukwepa miti iliyopata kuwa na madungu. Katika ardhi ya serikali ya Michigan ni marufuku kabisa kutia msumari au skrubu mtini kwa kazi hii. Juu ya mti, basi, nunua.

Na dukani yako mengi. Lipo la ngazi, lenye kiti juu yake, linaloegemezwa mtini na kufungwa kwa mikanda, nalo ndilo jepesi kwa mgeni na kwa mzee. Kipo kiti kidogo kinachotundikwa kwa mnyororo au mkanda, mwenyewe akapanda kwa vijiti vya ngazi vinavyofungwa kimoja juu ya kingine. Lipo lile la kupanda nalo, vipande viwili, cha kukalia na cha miguu, ambavyo mtu huviinua kwa zamu akiwa juu yake, mpaka afike futi 15 au 20, sawa na mita 5 au 6. Hilo hutaka shina lililonyoka lisilo na matawi chini, na hivyo ni bora penye misonobari kuliko penye mialoni mizee. Kwa wasiotaka kupanda yapo mahema ya kufumka, ambayo hubanwa katika mfuko na kufunguka kwa fimbo za faibaglasi, ndani yamepakwa weusi. Uzuri wake ni kwamba mtoto aweza kutikisika humo bila madhara, na ubaya wake ni kwamba ayala hushtuka kuona mlima mpya barabarani kwao, kwa hiyo hulazimu kulisimamisha hema siku nyingi mapema na kulifunika kwa matawi ya hapo hapo. Juani kitambaa chake hupauka, na theluji nzito hulivunja. Juu ya yote yako masanduku ya faibaglasi yenye madirisha ya vioo, yanayoletwa kwa lori. Bei yake ni maelfu ya dola, wakati la ngazi hupatikana kwa mia na kitu.

Kuhusu kuanguka sitafanya haraka. Katika uwindaji wa ayala, dungu la mtini huumiza watu wengi kuliko mnyama mwenyewe awezavyo, na wengi hawaanguki wakiwa wamekaa bali wanapopanda, wanaposhuka, au wanapovuka kutoka ngazini kwenda kitini, saa ambayo mkono mmoja umeshika na mwingine unatafuta. Siku hizi dungu la mtini aghalabu huuzwa pamoja na mkanda wa mwili mzima, na wanunuzi wengi huuacha mfukoni mwake. Haitoshi kuufunga ukiwa umeshafika juu. Yafaa kamba iteremke kando ya shina kutoka kileleni hadi ardhini, yenye fundo linalojikaza lenyewe likivutwa kwa ghafla, nawe ujifunge humo mguu wako ukiwa bado chini. Tena aliyening'inia kwa mkanda bila kusogea damu hutuama miguuni, naye aweza kufa katika muda usiofika nusu saa, hali hana hata jeraha. Dawa yake ni utepe mfupi wa kutia mguu, ili asimame ndani yake na kuirudisha damu hadi msaada ufike. Bunduki haipandi na mtu. Hufungwa kamba ikiwa tupu, bila risasi, ikavutwa juu baada ya mwenyewe kujikaza. Huko Ujerumani, ambako minara ya nguzo za misonobari imesimama kandokando ya mashamba nchi nzima, hoja wanayoitanguliza katika kupanda si kujificha kamwe. Ni kwamba risasi ipigwayo kutoka juu huingia ardhini nyuma ya mnyama, isiende kijiji cha pili. Kimo, kwa hesabu hiyo, huwalinda watu wote isipokuwa yule aliyepanda.

Dungu ni dai pia. Aliyelijenga huhesabu kwamba mahali pale ni pake, na sheria za majimbo hujaribu kuliwekea dai hilo mipaka: Michigan hutaka dungu la kuhamishika katika ardhi ya umma liwe na jina na anwani ya mwenyewe, au namba yake ya utambulisho, Wisconsin hutaka hema la ardhini katika msimu wa bunduki, penye ardhi ya serikali, lionyeshe rangi kali, kama ya chungwa, isiyopungua inchi 144 za mraba pande zote. Mwezi wa Novemba 2004, kaskazini ya Wisconsin, mwindaji mmoja alikutwa juu ya dungu katika shamba lisilo lake, kukawa na maneno kati yake na wenye shamba, na maneno yakaishia kwa bunduki. Watu sita walikufa na wawili wakajeruhiwa. Yaliyosemwa pale yalibishaniwa mahakamani, lakini kilichowakutanisha hakibishaniwi.

Texas ni ulimwengu mwingine. Karibu ardhi yote huko ni mali ya watu binafsi, na kumlisha ayala ni halali. Basi sanduku la kununuliwa huwekwa mkabala na mtambo wenye saa unaomwaga mahindi kila alfajiri, na wanyama huja kwa saa ya mtambo. Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kuwinda Afrika ya Mashariki, alikuwa mwaka 1887 mmoja wa waasisi wa Boone and Crockett Club, ambayo kwayo neno la uwindaji wa haki lilipata nguvu. Na wafuasi wake husema mnyama apewe nafasi ya kuponyoka. Mimi sioni tofauti kubwa kati ya mahindi yaliyomwagwa na shamba la mahindi lililoachwa bila kuvunwa kandoni mwa dungu la Wisconsin, ila namna ya kusema. Tofauti naiona kwa wanyama wanaokula kinywa kwa kinywa: tangu mwaka 2002, ugonjwa wa kudhoofisha ayala ulipogunduliwa Wisconsin, wilaya zenye ugonjwa huo zimekatazwa chambo.

Mwenye kutaka kununua asinunue Oktoba. Msimu ukiisha, Januari, bei hushuka, na wengi waliochoka au waliohama huuza madungu ya mitumba uani kwao. Kagua kwanza viungo vilivyochomelewa, ukitafuta ufa mwembamba au kutu inayotoka ndani. Vuta mikanda, kwa kuwa jua huivunja nyuzi na kindi huitafuna. Uliza kama dungu liliachwa mtini mwaka mzima, maana mti unaponenepa huukaza mkanda hata ukapasuka bila mtu kuugusa. Chuma kilicho kizima chafaa kununuliwa kwa nusu ya bei. Mikanda ya kufungia itupwe yote, inunuliwe mingine. Na mkanda wa mwili, ulioandikwa mwaka wake wa kuundwa na wa mwisho wa matumizi katika kipande cha kitambaa kilichoshonwa mgongoni, usichukuliwe wa mtumba hata ukitolewa bure.